Usimamizi wa Hiba ya Miili kwa Elimu ya Utabibu: Mwongozo kwa Msimamizi wa Kanda ya Ziwa

Wewe uliyekabidhiwa na chuo cha utabibu kazi ya kupokea miili ya watu waliousia, wakiwa hai na wenye akili zao timamu, kwamba wakifa wasizikwe mara moja bali wawe kwanza darasa kwa matabibu wa kesho, umepewa amana nzito kuliko amana nyingi za ofisi. Maana aliyekuamini hataweza kukuuliza hesabu, na jamaa zake wataweza kukuuliza kila siku ya Mungu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na mfano wake umechukuliwa kata ya Zagayu, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi, na tangu mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 imo katika wilaya ya Itilima. Zagayu imechaguliwa kwa makusudi. Utaratibu unaoweza kumtumikia mzee wa Zagayu, aliye mbali na jokofu na mbali na chuo, utamtumikia mkazi wa Mwanza mjini bila taabu. Walakini utaratibu uliotungwa kwa ajili ya mtu wa mjini peke yake utavunjika siku ya kwanza utakapofikishwa huko.

Tabibu hajifunzi mwili kwa picha tu. Aliyeuona mshipa mkubwa wa paja ulivyolala kando ya vena yake na neva yake, akaushika kwa kidole, akatambua kwamba kwa mtu huyu umepita hapa na kwa yule umepinda pale, hataukisia siku atakapoletewa mkulima aliyejikata kwa shoka na damu inaruka. Tangu chuo cha kwanza cha utabibu cha nchi yetu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, kikafuatwa baadaye na cha Moshi, na mwaka 2003 na cha Bugando huko Mwanza, ambacho ndicho kilicho karibu zaidi na watu wa Simiyu, wanafunzi wamezidi kuongezeka na haja ya miili imeongezeka pamoja nao. Katika nchi nyingi za Afrika haja hiyo imekuwa ikikidhiwa kwa miili isiyodaiwa, yaani maiti za watu waliofia hospitalini au barabarani wasitokee jamaa wa kuwachukua. Sheria zaweza kuruhusu jambo hilo, lakini dhamiri haiwezi kuliridhia kwa urahisi: asiyedaiwa aghalabu ni fukara au mgeni, au ni mtu ambaye jamaa zake wako mbali na hawakupata habari, na mtu huyo hakuulizwa.

Waingereza walipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1828, katika mji wa Edinburgh, ilidhihirika kwamba watu wawili, Burke na Hare, walikuwa wameua watu 16 ili wauze maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Na bunge lilipotafuta dawa ya uovu huo lilitunga sheria mwaka 1832 iliyowapa walimu maiti za maskini waliofia katika nyumba za mafukara bila kudaiwa, hata ikawa kwamba fukara wa nchi ile aliongezewa juu ya ufukara wake hofu ya meza ya mpasuaji. Mwaka huo huo mwanafalsafa Jeremy Bentham alifariki, naye alikuwa ameusia kwa hiari yake mwili wake upasuliwe mbele ya wanafunzi, na ukapasuliwa. Njia mbili zilisimama pamoja katika mwaka mmoja, ya kuchukua na ya kupewa, na ikachukua zaidi ya karne moja kwa njia ya pili kuishinda ya kwanza katika nchi ile. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilitoa mapendekezo yake kwamba vyuo vitumie miili iliyotolewa kwa ridhaa tu. Hiyo ndiyo njia ambayo mwongozo huu unaifuata.

Kabla hujaandika hata fomu moja, ufahamu nchi unayoiingia. Pwani na bara, wazee wetu waliogopa mumiani, wakaamini kwamba wako watu wa serikali au wa hospitali waendao usiku kutafuta damu za watu ili zifanywe dawa. Hofu hiyo ilikuwa na nguvu zama za ukoloni, na haijafa. Kanda ya Ziwa imepatwa na lililo baya zaidi ya uvumi, kwa kuwa tangu takriban mwaka 2007 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya itikadi za utajiri, wengine wakiwa watoto wadogo, na makaburi yao yamefukuliwa, hata mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mtu wa Zagayu atakapokusikia ukitaja mwili, viungo na chuo katika sentensi moja, moyo wake utakwenda huko kwanza, na si ujinga: ameona. Kwa hiyo usimkemee wala usimcheke. Mwambie waziwazi, hata kabla hajauliza, kwamba unazijua habari hizo, kisha umweleze kila kufuli, kila daftari na kila shahidi aliyewekwa ili mwili aliouacha usiguswe na mkono usiohusika. Usimamizi wote uelezwao katika kurasa hizi una lengo moja, nalo ni kwamba saa yoyote, mchana au usiku, ndugu wa marehemu akiuliza yuko wapi, apate jibu la kweli kabla hajaondoka mlangoni.

Ufikapo katika kata, anza na Afisa Mtendaji wa Kata, kisha watendaji na wenyeviti wa vijiji, na uwaombe nafasi katika mkutano wa kijiji wa kawaida, usiitishe mkutano wako mwenyewe kana kwamba unauza kitu. Usiende msibani kamwe kutangaza jambo hili; na usimtumie mwanasiasa, kwa maana kura zikibadilika na ahadi yako itashukiwa. Vaa kwa heshima, wasalimu wazee kwa salamu zao, keti wanapokuketisha, na useme kwa Kiswahili chepesi ukiwa na mtu wa kutafsiri kwa Kisukuma, kwa sababu wakina mayu, yaani akina mama, wengi wenye umri mkubwa watalielewa jambo la kifo kwa lugha waliyozaliwa nayo. Usiorodheshe watu siku hiyo. Waache waende nyumbani, walale juu ya maneno yako, wagombane, wacheke, wakuite tena. Anayetaka kutoa mwili wake baada ya hotuba ya dakika chache, bila kuuliza swali lolote, ndiye wa kumwogopa zaidi, kwani huenda hakuelewa.

Watakuuliza habari za dini, na hapa ujizuie. Kwa Wakatoliki waweza kusema kwa yakini kwamba Papa Pius XII alinena mwaka 1956 kuwa mwili wa marehemu waweza kutumika kwa elimu na tiba, kwa sharti la staha na ridhaa. Kwa Waislamu usijitwike kazi ya mufti: wako wanazuoni waliohalalisha upasuaji wa maiti kwa dharura ya elimu, na wako waliokataza kwa kuchunga hurma ya maiti na wajibu wa kuharakisha maziko, na Mwislamu anayesitasita umpeleke kwa sheikh wake, wala usimshawishi kinyume cha sheikh. Walio katika mila ya wazee wataona haya kukuuliza juu ya masamva, roho za wahenga ambazo hazitulii mpaka mtu amewekwa ardhini mwa ukoo wake. Wasaidie kwa kuwaambia wewe mwenyewe kwamba mwili utarudi, na utazikwa pale watakapopataka.

Fomu ya ridhaa ndiyo msingi wa nyumba yote, nayo isiwe karatasi moja yenye neno moja la kukubali. Mtu aulizwe mambo mbalimbali na ajibu kila moja peke yake: je, mwili wake utumike kufundishia tu, au na utafiti pia, je, picha zaweza kupigwa kwa ajili ya vitabu, au la, je, chuo chaweza kubakiza mfupa au kiungo kwa muda mrefu, au kila kitu kirudi pamoja, je, wanafunzi wajue jina lake, au wajue namba tu, mwili ukae chuoni kwa muda gani usiozidi, na miaka mitatu iwe ndiyo mwisho, na baada ya hapo azikwe wapi. Iandikwe pia, kwa maandishi makubwa, kwamba aweza kubadili nia yake wakati wowote, kwa mdomo, kwa kumwambia mtendaji wa kijiji chake au kwa kupiga simu, bila kutoa sababu.

Katika mashahidi tunayo mila nzuri ya kuifuata. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, baadhi wa ukoo na baadhi wasio wa ukoo. Nawe ufuate kipimo hicho hata kwa wosia ulioandikwa, kwa sababu mzee asiyejua kusoma, aliyeweka dole gumba juu ya karatasi ya chuo, hana ulinzi isipokuwa masikio ya watu waliokuwapo. Shahidi mmoja awe mwenzi wake wa ndoa kama yupo. Tabibu anayemuuguza asiwe shahidi, wala asiwe ndiye aliyemwomba. Mgonjwa hawezi kumkatalia kwa uhuru mtu anayeshika dawa yake. Nakala tatu ziandikwe: moja ya mtoaji, moja ya ukoo, moja ya chuo, na kwa kuwa taarifa hizi ni siri za mtu, zihifadhiwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyoagiza, zisilale juu ya meza ya karani.

Hata hivyo karatasi haitoshi, na hapa ningependa tukae kidogo. Mwaka 1986, mwezi wa Disemba, alifariki Nairobi wakili mashuhuri S. M. Otieno, na mjane wake Wambui Otieno akasema kwamba mumewe alitaka azikwe karibu na mji huo, ilhali ukoo wake wa Umira Kager ukadai azikwe kwao Nyalgunga, katika nchi ya Wajaluo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, maiti ikakaa bila kuzikwa zaidi ya miezi mitano, na mwezi wa Mei 1987 ukoo ukashinda. Otieno alikuwa mwanasheria, anazijua sheria, ana mke aliyesimama imara na mawakili hodari, na bado alilotajwa kulitaka halikutimia. Sasa fikiri juu ya mkulima wa pamba wa Zagayu ambaye karatasi yake iko katika kabati la chuo huko Mwanza na ambaye kaka zake hawajawahi kuisikia. Siku atakapofariki, wewe ndiwe utakayeonekana mwizi.

Kwa hiyo usimsajili mtu mpaka umekaa na ukoo wake. Mwache mwenyewe awakusanye, wewe uwepo kama mgeni wa kujibu maswali, na mzungumzaji awe yeye. Watafute hasa wale wenye neno katika mazishi: kaka mkubwa, mjomba, watoto wakubwa walio mijini ambao hawatatokea mpaka siku ya msiba, nao ndio aghalabu wenye sauti kali kuliko wote. Kwa mwanamke aliyeolewa zungumza na pande mbili, ukoo wa mume na ukoo wa baba yake, hasa ikiwa ng'ombe wa mahari hawajatimia, kwa maana pande hizo zaweza kuvutana juu ya maiti hata pasipo chuo. Na likitokea, baada ya yote hayo, kwamba mtu amefariki na mtoto wake mmoja anasimama mlangoni akilia kwamba hataki, rudi mikono mitupu. Wako watakaokuambia kwamba wosia wa marehemu ni lazima uheshimiwe, na hoja yao ina uzito. Lakini mwili mmoja ulioupata kwa ugomvi utakukosesha kata nzima, na marehemu mwenyewe hakutaka hiba yake iwe chanzo cha fitina nyumbani kwake.

Wako ambao hutawapokea hata wakijitoa. Usimsajili mtoto, wala mfungwa, wala mtu ambaye akili yake imepungua kwa ugonjwa au uzee. Mtu mwenye ualbino ana haki ya kutoa sawa na mwingine, na kumfungia mlango ni kumdhalilisha. Ila usajili wake uwekwe mbali na macho ya karani wa kawaida, na siku ya kifo chake mwili usisafirishwe bila ndugu na bila askari.

Fedha nayo iwe na kanuni moja isiyopindwa: hakuna malipo. Usitoe shilingi kwa mtoaji, wala ubani kwa niaba ya chuo, wala gunia la mchele, wala ahadi ya ada ya mtoto. Ukilipa hata kidogo, hiba imekuwa biashara, na yule wa mumiani amepata ushahidi wake. Chuo kigharimie usafiri wa mwili kwenda na kurudi, jeneza, sanda na kuchimba kaburi, kwa watu wote sawasawa. Najua kwamba hata hilo laweza kumvuta fukara anayeogopa kuwaachia watoto gharama za mazishi. Ndiyo maana gharama hizo zielezwe kwa aliyekwisha kuamua, zisitangazwe mkutanoni kama kivutio.

Tuje siku yenyewe. Mtoaji awe na kadi yenye namba ya simu inayojibiwa usiku na mchana, na namba hiyo iwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa zahanati iliyo karibu. Mwili katika joto la Simiyu hauna subira. Bila baridi huanza kuharibika katika saa chache, na baada ya siku moja hivi mara nyingi haufai tena kuhifadhiwa kwa dawa. Safari kutoka Zagayu mpaka Bariadi, na kutoka Bariadi kupitia Lamadi mpaka Mwanza, ni ndefu kwa gari jema katika kiangazi, na wakati wa mvua, vijito vya msimu vikijaa, gari laweza kulala njiani. Basi usitegemee safari moja. Fanya mapatano ya maandishi, mapema, na uongozi wa hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi, ili mwili upate jokofu huko kwanza, na safari ya Mwanza ipangwe kwa utulivu. Na uwape jamaa muda wao: wamwoshe kama desturi yao ilivyo, wasali, waage. Saa tatu au nne za kilio si hasara. Atakayeng'ang'ania kupakia maiti wakati watoto bado wanaaga, mwondoe katika kazi hii.

Kabla mwili haujaondoka kijijini, mganga wa zahanati athibitishe kifo na aandike sababu yake kadiri ijulikanavyo, mtendaji atoe barua, na ndugu wawili watie sahihi ya kukabidhi. Kifo chenye mashaka, cha ajali, cha kupigwa au cha sumu, ni cha polisi na uchunguzi wa sheria, na wewe hukigusi. Wasaidie jamaa pia kukisajili kifo katika siku 30, kama sheria ya vizazi na vifo inavyotaka, kwani wasipokuwa na kaburi la kuonyesha, cheti kitawafaa zaidi kuliko watu wengine katika mirathi.

Na uwe umewaambia tangu awali, si siku hiyo, kwamba chuo chaweza kukataa. Mwili uliokwisha kuharibika, uliopasuliwa kwa uchunguzi, uliojeruhiwa sana au kuungua, au wenye maradhi ya kuambukiza kama kifua kikuu, homa ya ini au virusi vya ukimwi, kwa kawaida haupokelewi, kwa ajili ya usalama wa wahudumu na wanafunzi. Jirani zetu wa Kagera walipatwa na Marburg mwaka 2023, na katika majira ya maradhi kama hayo usajili wote usimame mpaka wakuu wa afya waseme vinginevyo. Kukataliwa huwaumiza jamaa kuliko wageni wanavyodhani, kwa sababu huwa ni kama marehemu amedharauliwa. Mwambie mtoaji mwenyewe aweke mpango wa pili wa mazishi, na ukilazimika kukataa, nenda wewe kwa miguu yako ukawaeleze wazee. Usipeleke dereva, wala usipige simu. Ikiwa sababu ni maradhi, siri ya maradhi hayo haitangazwi msibani.

Mwili ufikapo chuoni upewe namba, na vibao viwili vya chuma visivyooza vifungwe, kimoja mkononi na kimoja mguuni. Jina na namba vikutane katika daftari moja tu, ambalo linakaa katika kasha lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Humo iandikwe saa ya kupokea, nani alileta, nani alipokea, na baadaye kila siku mwili ulipohamishwa kutoka jokofuni kwenda mezani na kurudi. Usidhani kwamba tahadhari hiyo ni ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walimshitaki aliyekuwa msimamizi wa chumba cha maiti cha shule ya utabibu ya Harvard, kwa kuiba na kuuza viungo vya miili iliyotolewa hiba, uovu ulioendelea kwa miaka bila kugunduliwa. Na chuo kile hakikukosa fedha wala majokofu. Kilichokosekana ni mtu wa pili. Kwa hiyo asiwepo mtu yeyote, hata profesa, awezaye kuingia peke yake mahali hapo, na kila robo ya mwaka mkaguzi asiye wa idara ya anatomia ahesabu miili, alinganishe na daftari, atie sahihi.

Juu ya uhifadhi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mafundi wanaujua. Dawa ya formalini iliyochanganywa na spiriti, gliserini na kaboliki hupitishwa polepole katika mshipa mkubwa wa shingo au wa paja, lita nyingi kadiri ya ukubwa wa mwili, kisha mwili huachwa wiki kadhaa au miezi ili dawa ipenye kabla haujafundishiwa. Lililo dhima yako wewe msimamizi ni hewa. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja formalini kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu, na mhudumu anayeivuta kila siku katika chumba chenye madirisha mawili na feni iliyokufa anaulipia uzembe wako kwa mapafu yake. Weka mashine ya kutoa hewa chini, karibu na meza, kwa kuwa moshi wa dawa hukusanyika hapo. Wape glavu, miwani na barakoa zinazofaa. Wachanje dhidi ya homa ya ini. Na uwalipe mshahara unaowatosha, maana mhudumu wa maiti mwenye njaa na aliyedharauliwa na kila mtu ndiye mlango wa kwanza ambao mnunuzi wa viungo ataubisha.

Wanafunzi nao wafundishwe kabla ya kisu. Wanafunzi wa Thailand humwita marehemu wa namna hii mwalimu mkuu, wakimpa heshima za ualimu mpaka siku ya kumsindikiza. Nasi tunayo adabu yetu ya maiti, wala hatuhitaji kuiazima, tunahitaji kuitimiza tu. Simu ziachwe nje ya mlango. Uso na sehemu za siri zifunikwe zisipokuwa ndizo somo. Kila kipande kinachokatwa, hata kama ni mafuta tu au ngozi, kiwekwe katika chombo chenye namba ya mwili huo, ili siku ya kurudi arudi mtu mmoja mzima na asichanganywe na mwingine. Mwanafunzi anayefanya mzaha apewe onyo moja, na la pili atoke katika darasa hilo kwa mwaka mzima. Wako walimu watakaoiona adhabu hiyo kuwa kali. Nadhani inatosha, kwani mtu asiyeweza kumstahi aliyelala asiyejitetea hatamstahi mgonjwa aliyepoteza fahamu.

Muda ukitimia, kurudi kupangwe kwa uangalifu uleule wa kuja. Wape jamaa habari walau mwezi mmoja kabla, na uwaulize siku, kwa sababu Novemba na Disemba watu wa Zagayu wako shambani wanapanda, na msiba unaoangukia katikati ya kilimo ni mzigo juu ya mzigo. Mwili uwekwe sanda, jeneza lifungwe chuoni, na waambiwe kwa upole kwamba si vema kulifungua, huku ndugu mmoja waliyemchagua wenyewe akiruhusiwa kuja Mwanza kuona namba, kuona daftari na kushuhudia jeneza likifungwa. Mtu huyo mmoja atakayesema mbele ya ukoo wote kwamba ameona kwa macho yake atawatuliza kuliko vyeti kumi. Mwalimu wa anatomia na wanafunzi wawili waende na jeneza mpaka kaburini, wakae chini pamoja na watu, wale wanachopewa, na mmoja wao aseme aliyojifunza kutokana na mtu huyo, kwa maneno machache. Wakiwa wamefanya matanga mara ya kwanza, wasishangae wakiyafanya tena. Na wewe usiwahimize kumaliza.

Usajili hauishii hapo. Katika daftari la chuo iandikwe siku ya maziko, mahali pa kaburi na jina la mzee aliyepokea, kisha ukurasa ufungwe kwa sahihi yake na yako. Na kila mwaka, hata kama ni mwili mmoja tu uliotoka Zagayu, au hakuna, urudi katika mkutano ule ule wa kijiji ulioanzia, usome mbele ya watu ni wangapi waliojiandikisha, wangapi waliojitoa, wangapi waliopokelewa, wangapi waliokataliwa pasipo kutaja majina, wangapi wako chuoni hivi sasa na wangapi wamerudishwa. Kisha ukae, uwaache waulize mpaka maswali yaishe.